Aliyevaa Jina la Obadia

Sehemu ya tisa

Kitone cha kijani hakikuzimika.

Hapo ndipo tulipomwacha Rahabu juma lililopita: amekaa peke yake katika ofisi ya kundi la wafuga nyuki pale Mgori, saa nne na nusu asubuhi, mkono mdomoni. Mbele yake kompyuta. Ndani ya kompyuta, kwenye tovuti ya kundi, jina la mumewe, Obadia wa Mgori, na picha yake ile ya kofia. Pembeni ya jina, kitone cha kijani kinachosema kwamba mtu huyu yuko hewani.

Hewani. Obadia ambaye miezi kumi na moja iliyopita aliingia msituni na mizinga sita mipya, asitoke.

Walimtafuta mpaka miguu ikavimba. Walichookota ni bomba lake la moshi tu, limelala kwenye nyasi, limepoa. Mwili hakuna. Ile mizinga sita haikuonekana. Wala simu yake haikuonekana, ile simu iliyokuwa ikiwika kama jogoo kila ujumbe wa kundi ulipoingia, mpaka siku moja kanisani mzee wa kanisa akamwomba aitoe nje.

Sasa ujumbe ukatokea kwenye ukurasa ambao kila mwanachama anausoma. Rahabu akausoma kwa midomo, bila sauti.

"Sijafa. Kesho msiikate alama yangu."

Basi kitone kikazimika.

Ukitaka kujua kwa nini Rahabu alishikwa na baridi saa nne ya jua, sikiliza. Kwenye kundi lile kila mfuga nyuki ana alama yake, na huichoma kwa chuma cha moto kwenye kila mzinga anaoutundika. Ya Obadia ilikuwa duara lenye miguu mitatu, aliirithi kwa baba yake. Mwenye alama akifa, ndugu huikata kwa mstari katikati, na hakuna atakayeitumia tena. Ikishakatwa, umezika, hata kama huna mwili.

Na kuikata ilikuwa kesho, Jumamosi. Mama yake Obadia, bibi Emiliana, alikwishakubali baada ya kukataa miezi kumi na moja.

Mlango ukasukumwa. Rahabu akaruka. Alikuwa Clement, mwenyekiti wa kundi, amekuja kuulizia vibuyu vya shughuli ya kesho. Rahabu akamwamkia shikamoo bila kumtazama, akamgeuzia kompyuta.

Mzee yule alisoma mara moja. Akavua kofia. Akakaa. Halafu akaivaa tena kofia yake, kama mtu aliyekumbuka kwamba yeye ndiye mwenyekiti.

"Rahabu mwanangu," akasema, "marehemu hanunui bando."

Rahabu hakucheka. Alimwambia kwamba akaunti ya Obadia aliifunga yeye mwenyewe, mtunza tovuti, baada ya siku arobaini, kwa neno la siri ambalo hakumpa mtu. Hata Obadia mwenyewe angerudi leo angebisha hodi kwanza. Sasa huyu ameingiaje?

Clement akamwambia afungue daftari la wanachama humo ndani ya mashine. Rahabu akafungua. Akashusha majina taratibu kwa kidole.

Walikuwako wawili.

Obadia wa Mgori, na chini yake Obadia wa Mgori. Picha moja, kofia moja, tabasamu moja. Wa juu kitone chake kilikuwa cha rangi ya majivu, amelala tangu alipofungwa. Wa chini alijiandikisha siku tisa zilizopita.

Clement akatoa miwani. Rahabu akayakuza maandishi mpaka jina likajaa kioo kizima. Hapo ndipo lilipojionyesha. Yule aliyelala, jina lake lilianza kwa herufi ya O. Huyu wa siku tisa, jina lake lilianza kwa sifuri.

Mzee akashusha pumzi, akasema afadhali, kumbe ni mtu. Lakini Rahabu ndipo alipozidi kuogopa. Mzimu ungekuja wenyewe. Huyu alikaa chini, akaitafuta picha, akachagua herufi, akamjenga mumewe kipande kwa kipande.

Na kosa lilikuwa la nani? Rahabu alilijua. Siku tovuti ilipofunguliwa, Stefano, kijana wa Singida mjini aliyewajengea, aliwauliza kama aweke kizuizi ili asije mtu na jina linalofanana na la mwingine. Rahabu akamjibu kwamba haina haja. Alisema, mbele ya wanachama wote, na wote wakaitikia, "Hapa kwetu tunajuana."

Sasa akajiuliza jambo jingine. Ni nani duniani anayejali alama ya marehemu isikatwe?

Jibu likamjia pamoja na picha ya asubuhi. Mama mkwe wake alikuwa ametoka nyumbani mapema, amevaa viatu vya kanisani na kanga mpya, akaaga kwamba anakwenda mashineni kwa Selina.

Kwenda kusaga. Na hakuwa amebeba hata punje.

Rahabu aliondoka ofisini bila kufunga mlango.

Nyumbani, ukutani jikoni, ulikuwapo msumari. Kwenye msumari hukaa chuma cha chapa cha Obadia. Msumari ulikuwa mtupu. Kwenye udongo wa ukuta lilibaki umbo la chuma kwa masizi, duara na miguu mitatu, kama kivuli kilichosahauliwa na mwenyewe.

Mashineni Selina alikuwa mweupe wa unga mpaka kope. Alipomwona Rahabu akazima mashine, na hapo Rahabu akajua kwamba ana la kusema. Selina alizunguka sana. Aliapa kwamba aliapishwa. Mwisho akasema kwamba Jumatano bibi Emiliana alimletea simu amsomee ujumbe ulioingia kwa jina la Obadia, kwa kuwa macho yake hayazipati herufi ndogo, na kwamba aliusoma ujumbe mara mbili kwa kuamriwa, mara ya pili polepole.

"Ulisemaje?" Rahabu akauliza.

Selina akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akausema wote kwa kichwa, kama shairi la shule:

"Mama, shikamoo. Ni mimi mwanao, niko hai, nimejificha. Usimwambie mke wangu. Ijumaa saa saba mchana niletee chuma changu kwenye Mwamba wa Mtandao. Njoo peke yako. Ili ujue ni mimi, alama yetu ni duara, miguu mitatu, na mkato wa kisu chini yake."

Rahabu akaangalia saa ya ukutani pale mashineni. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Mwamba wa Mtandao uko ndani ya msitu, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya kizee. Tangu simu zije, wafuga nyuki huuita hivyo, kwa sababu kule ndani kote simu ni tochi tu. Panda mwamba ule, au simama ubavuni mwake, ndipo utapata mtandao. Toka hatua mia, umekufa hewani.

Clement, aliyekuwa amemfuata Rahabu kutoka ofisini, alikuwa tayari amewasha pikipiki.

Walishika njia ya msituni. Alizeti zilikuwa zimekwisha kuvunwa, mashamba yamebaki vijiti, na upepo ulikuwa unakimbiza vumbi kuelekea kule kule wanakokwenda. Jua la utosi halikuacha kivuli popote. Rahabu alikuwa anaona miti tu, na kila mti wenye mzinga ulimfanya afumbe macho, maana mizinga ya zamani ya mumewe bado ilikuwa imetundikwa humo, arobaini na kitu, kila mmoja umechomwa ile alama, kila mmoja una nyuki wasiojua kwamba mwenyewe hayupo.

Mwenye chuma kile angeweza kusema yote ni yake. Angechoma mizinga mingine mia, na nani angembishia?

Walipokaribia, Clement alibana honi mara tatu. Iliniwia vigumu kumwelewa hapo, lakini mwenyewe alisema baadaye kwamba alitaka bibi asikie, asiogope.

Bibi Emiliana alikuwa amekaa juu ya mwamba, miguu ameinyoosha, viatu vya kanisani amevivua na kuviweka sambamba kando yake. Chuma kilikuwa mapajani, kimefunikwa kanga. Alikuwa peke yake. Alipowaona hakustuka, wala hakufurahi.

Rahabu akapanda kwa magoti na mikono. Akamshika mabega. Akaanza kumweleza yote, la herufi, la sifuri, la picha iliyoibwa, akitaka kuyasema kwa upole lakini yakamwagika. Kwamba siye. Kwamba yeye, mama, amedanganywa na mtu aliyejipa jina la Obadia.

"Najua kwamba siye," bibi akasema.

Rahabu akamwachia mabega.

"Jumatano niliamini. Siku moja tu. Nilipika ugali wa uwele na mlenda, nikapakua sahani ya tatu. Wewe ukaniuliza ya nani, nikakwambia ya mgeni. Alhamisi nikaamka, nikayarudia yale maneno. Nikaujua uongo uko wapi." Akakigusa chuma. "Chini ya alama yetu hakuna mkato wa kisu."

Clement, aliyekuwa bado anahema kule chini, akauliza kama basi huyo mwongo alikosea tu.

"Hakukosea, Mwenyekiti. Ndiyo maana nimekuja."

Akaeleza polepole, kama anavyochambua mchele. Ile mizinga arobaini haina mkato. Baba yake Obadia hakuweka, Obadia hakuweka. Lakini asubuhi ile ya mwisho, kabla hajaondoka, Obadia alikaa naye uani. Mizinga sita ilikuwa imekwisha chomwa chapa. Akatoa kisu, akakata kamstari kadogo chini ya kila duara, huku anacheka peke yake. Alipomuuliza, alisema ni cha Rahabu. Mizinga hii sita asali yake ni ya Rahabu. Atakuja kumwambia siku ya kurina.

Rahabu hakuwa amelijua hilo. Lilimwingia kama maji ya moto.

"Mizinga ile sita nani ameiona?" bibi akauliza. "Mimi. Obadia. Na nani? Haikuonekana tena. Huyu anadhani mizinga yetu yote iko vile, kwa sababu ile sita ndiyo aliyoishika kwa mikono yake. Siku ile ile."

Upepo ulinyamaza kidogo, ukaanza tena.

"Aliyevaa jina la mwanangu," bibi Emiliana akasema, "anajua mwanangu alivuliwa wapi. Nikijua mahali, kesho nitakata alama. Bila hivyo sikati. Nitakuwa namzika aliye njiani."

Sasa hebu nikwambie lililofuata, maana hapo Rahabu alitamani mwamba upasuke. Bibi alisema kwamba mtu alikuwa anakuja. Aliona ndege wakiruka upande wa bondeni, kundi moja, halafu kundi la pili karibu zaidi. Akasikia kijiti. Akakaza moyo. Ndipo ikasikika pikipiki na honi zake tatu, na ndege wakatulia.

"Mmemfukuza," alisema, bila ukali. "Mmekuja kuniokoa."

Clement akaitazama pikipiki yake kama mbwa aliyemng'ata mgeni wa heshima.

Rahabu akachukua simu. Angalau yule Obadia wa sifuri asiendelee kuzungumza na watu. Akaingia kama mtunza tovuti, akamfunga. Jina likawa jekundu. Bibi akamuuliza kama mwongo huyo amekwisha, na Rahabu akasema kwa kweli hajaisha, maana mtu huyo anaweza kurudi hata sasa kwa jina lile lile na nukta pembeni, au kamstari, au herufi nyingine, na mashine itampokea. Mashine inatazama herufi moja moja. Ikiona moja imetofautiana, inasema huyu ni mwingine, karibu.

Bibi akatikisa kichwa. Akasema hata hawa wenye mashine wangemwuliza marehemu Mughwai wangesaidika.

Mughwai ndiye baba yake Obadia, na enzi zake alikuwa mtunza alama wa kundi. Mtu akitaka alama mpya alimwendea yeye. Siku moja, bibi akasimulia, alikuja mtu na duara lenye miguu minne. Akasema si yenu, yenu ni mitatu, hesabuni. Mughwai hakuhesabu. Alichukua mzinga wa yule mtu akauweka hatua kumi, akawasha bomba, akapuliza moshi mbele yake. Akaita watu wanne, akawauliza mmoja mmoja: huu ni wa nani? Wawili wakasema, wa Mughwai.

"Akaikataa. Yule mtu akalia kwamba miguu ni minne. Mughwai akamwambia, nyuki wakiwa wamekasirika hakuna anayehesabu miguu. Watu hutazama kwenye moshi. Kama kwenye moshi wewe ni mimi, basi hupiti."

Rahabu alimkodolea macho. Kisha akampigia Stefano.

Mtandao ulikuwa safi pale juu. Kwanza Stefano alimwamkia bibi kwa heshima zote, kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa kwenye spika. Rahabu akamweleza. Kwamba asilinganishe herufi, alinganishe sura. Kila jina jipya likija, kabla halijapokelewa, alipitishe kwenye moshi: sifuri igeuke O, tarakimu ya moja na herufi l ndogo ziwe kitu kimoja, nukta na mistari na nafasi vitoke, halafu ndipo atazame kama sura iliyobaki ina mwenyewe. Ikiwa nayo, hapiti.

Stefano akacheka kidogo, akasema kwamba ndicho kile alichowauliza mwaka ule wakamjibu wanajuana. Akaomba nusu saa. Akaongeza kwamba atapitisha na majina ya zamani, yote mia mbili na kumi, ili kama yumo mwingine aliyejificha naye aanguke.

Wakangoja. Clement akapanda mwambani, akagawa karanga. Bibi hakula, alikuwa anatazama bondeni.

Simu ikatikisika mkononi mwa Rahabu. Stefano alikuwa amewasha moshi wake, na mashine ilikuwa tayari inaleta habari.

Jina jipya limejaribu kujiandikisha. Obadia wa Mgori, na nukta mwisho. Limekataliwa.

Rahabu akawaonyesha. Kabla hajaishusha simu, ikatikisika tena. Obadia wa Mgori, na kamstari katikati. Limekataliwa.

Mara ya tatu. Sifuri tena, na nafasi mbili. Limekataliwa.

"Anabisha hodi," Clement akanong'ona. Safari hii hakuwa anatania.

Palikuwa na kitu cha kutisha katika kulitazama jina la mumewe likija mlangoni na kurudishwa, likibadilisha nguo na kuja tena. Rahabu alijikuta anataka kusema, jamani mfungulieni. Akauma mdomo.

Halafu Stefano akapiga. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alimuuliza Rahabu kama ana akaunti mbili.

Rahabu akasema ana moja tu.

"Dada, majina ya zamani yamekwisha kupita. Wameanguka wawili. Mmoja ni yule wa sifuri. Wa pili ni wewe."

Rahabu wa Mgori, na Rahabu wa Mgori. Akaikuza. Akaikuza tena mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole. Zilikuwa sawa. Hapakuwa na sifuri, hapakuwa na nukta. Stefano akamweleza kwamba jicho halitaona kitu hata likeshe, kwa sababu ile a ya kwanza si a yetu. Ni ya maandishi ya nchi nyingine, ina sura moja na ya kwetu kabisa, lakini kwa mashine ni mgeni. Ni moshi tu uliomfichua, maana Stefano alitia humo na herufi kama hizo.

"Amejiandikisha lini?" Rahabu akauliza.

Stefano akataja tarehe. Ilikuwa siku moja kabla Obadia hajapotea.

Kila aliyeanguka kwenye moshi, tovuti humletea mtunza tovuti pamoja na alichoandika. Rahabu wa pili alikuwa ameandika ujumbe mmoja tu katika maisha yake yote. Alimwandikia Obadia, asubuhi ile, saa tatu na robo, wakati Obadia yuko bado ukingoni mwa msitu, mtandao haujamwacha. Saa ile Rahabu huyu wa kweli alikuwa mnadani Mtinko anachagua sufuria.

"Mume wangu, nimekuletea chakula. Niko Mwamba wa Mtandao, upande wa bondeni. Njoo."

Na chini yake, jibu.

"Umetembea jua lote hili kwa ajili yangu? Nakuja. Usisogelee mizinga, nyuki leo wana hasira."

Rahabu aliusoma kwa sauti kwa sababu bibi alimwomba. Alipofika kwenye neno nakuja, akampa Clement simu, naye akamalizia yaliyobaki huku ameishika mbali na uso wake. Miezi kumi na moja Rahabu alikuwa anajiuliza mumewe alikuwa anawaza nini dakika ile ya mwisho. Sasa alijua. Alikuwa anamwendea yeye.

Bibi Emiliana akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na una nguvu.

"Nimfunge?" Rahabu akauliza. Alikuwa ameichukua tena simu, kidole kiko tayari kwenye kitufe. "Huyu mimi, nimfunge?"

"Usimfunge. Ukimfunga atanyamaza."

Basi wakamtazama. Rahabu yule wa pili alikuwa pale kwenye kioo, picha yake imetulia, amevaa kilemba kile alichovaa Rahabu kwenye harusi ya rafiki yake Felista, kitone chake cha majivu kama cha mtu aliyelala.

Kitone kikawa cha kijani.

Chini ya jina yakatokea maneno madogo, yale ambayo tovuti huonyesha mtu anapogusa herufi: Rahabu wa Mgori anaandika.

Rahabu akaitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa umeshika simu, haujagusa kitu. Mwingine ulikuwa ndani ya mkono wa mkwewe.

Simu ya bibi ikalia mfukoni mwa blauzi. Akampa Clement asome. Mzee akasoma kwa shida.

"Mama, shuka upande wa bondeni na chuma. Mwache Mwenyekiti hapo hapo alipo na karanga zake."

Karanga zikamponyoka Clement, zikabiringika juu ya jiwe.

"Nani ameandika?" bibi akauliza.

"Mimi, Mama," Rahabu akasema.

Ndipo akakumbuka jina la mwamba ule. Humo msituni kote simu ni tochi tu. Mtu aliyekuwa anabisha hodi mara tatu, mtu aliyekuwa anaandika sasa hivi, alikuwa hewani. Na hewa kule ina mahali pamoja.

Hawakumfukuza. Hakwenda kokote.

Rahabu akainua simu. Akamwandikia Rahabu wa pili maneno mawili tu: Uko wapi? Akabonyeza. Ujumbe ukaondoka.

Ilipita kama pumzi moja.

Upande wa pili wa mwamba, saa nane mchana, katika msitu usio na nyumba wala kuku, jogoo akawika.

Akawika mara moja, kwa sauti ile ile iliyotolewa nje kanisani, akakatwa katikati, kama vile mtu amewahi kuifunika simu kwa kiganja.

Bibi Emiliana alivaa viatu vyake vya kanisani, cha kushoto kwanza, halafu cha kulia. Akakitoa chuma kwenye kanga, akakishika kama mtu anayekwenda kwenye moto. Rahabu akataka kumzuia. Bibi akaiondoa mikono yake taratibu.

Kisha akaanza kuuzunguka mwamba, akiita kwa Kinyaturu jina ambalo alimpa mwanawe kabla hajabatizwa, jina ambalo halijaandikwa kwenye mashine yoyote.

Na kule nyuma, mtu akaitika.